Vitashika, Mdogo Wangu

Kwa miaka minne mfululizo hakuna mwanamke aliyemshinda Mfamasia kwenye mashindano ya shabaha, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuliona jambo hilo kama sehemu ya mwili wake, kama pua. Siku za kazi alisimama nyuma ya kaunta ya duka lake la dawa, akisoma miandiko ya madaktari ambayo hata madaktari wenyewe hawaisomi, akihesabu vidonge kwa ncha ya kisu butu. Jumamosi alivaa suruali ya mifuko mingi, akaichukua bastola yake kwenye kabati la klabu, akaenda kupiga.

Klabu yenyewe ilikuwa kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, nje kidogo ya mji. Upande mmoja lilisimama tuta kubwa la udongo la kupokea risasi, na mbele yake vibao vya chuma, mapipa, na kuta za mbao zenye madirisha. Haikuwa shabaha ya kusimama pahali pamoja ukabana pumzi. Ilikuwa ya mbio. Unapiga kibao hapa, unakimbilia pipa lile, unapiga goti, unapiga kingine, unainuka, unateremka mteremko wa mawe, na mwamuzi yuko nyuma yako na saa mkononi. Anayeangusha vibao vyote kwa muda mfupi ndiye mshindi. Kwa hiyo mkono ulikuwa nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ilikuwa miguu.

Hilo Mfamasia alijifunza kwa kuumia. Mashindano yake ya kwanza alivaa buti za kiwandani zenye chuma mbele. Nzito kama dhambi, na alipopiga goti hazikukunjika, akainuka kama ngamia. Ya pili akavaa raba za soli bapa, akateleza kwenye kokoto, akamaliza wa mwisho. Ya tatu akaona afanye ujanja, akaazima njumu za mpira za jirani. Kwenye udongo zilishika vizuri, lakini zilipokanyaga jiwe zilikwenda zilikotaka zenyewe, na watu walicheka wiki mbili.

Tangu hapo akasoma viatu kama alivyowahi kusoma dawa. Kiatu kinunuliwe jioni, mguu ukiwa umevimba kwa kusimama kutwa. Kijaribiwe na soksi nene zilezile za siku ya mashindano. Vidole viwe na nafasi ya kucheza, ila kisigino kisipande ukitembea. Soli iwe na meno marefu yaliyoachana ili tope lidondoke lenyewe, na mpira wake uwe laini kiasi cha kuuma jiwe. Ukipiga goti dukani, kiatu kikunjike pamoja nawe. Klabuni wakamwita Profesa wa Viatu, na kila mgeni aliambiwa: kabla hujanunua, muulize yule.

Mdogo wake aliletwa klabuni na Mfamasia mwenyewe. Usije ukasikia vinginevyo. Ni yeye aliyemshika mkono, akamwandikisha, akamfundisha kuweka kidole nje ya kifyatulio na kuuelekeza mtutu kwenye tuta hata dunia ikipinduka.

Mdogo wake huyo wa kike alikuwa fundi wa kupaka rangi majumba. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kutwa nzima alikuwa juu ya ngazi, peku, brashi mkono mmoja na ndoo mkono wa pili, akiongea na ukuta kama hakuna binadamu karibu. Siku ya pili tu klabuni, Kocha, mzee mkavu asiyepoteza maneno, alimtazama akipiga vibao sita bila kukosa, akavua kofia, akajikuna upara.

"Huyu," akasema, "ana mkono."

Mfamasia alicheka, akapiga makofi. Ila neno lile lilimwingia kama mwiba wa samaki, huoni damu lakini kila ukimeza unausikia. Miaka sita Kocha alikuwa akimtazama yeye, na sifa kubwa kuliko zote aliyowahi kumpa ilikuwa "si haba."

Mwezi wa nne tangu ajiunge, Chiriku akawa wa tatu. Mwezi wa saba akawa nyuma ya dada yake kwa sekunde moja na kidogo. Na nyumbani kulikuwa na mama yao, aliyeishi na Mfamasia, aliyepikiwa na Mfamasia, aliyenyweshwa dawa za presha na Mfamasia kwa saa yake. Kila Jumamosi, binti mkubwa akiingia hata hajavua viatu, mama aliuliza, "Na mdogo wako kawa wa ngapi?"

"Wa pili, mama."

"Alaa! Na miezi saba tu! Yule mtoto alizaliwa na bahati yake, nilisema tangu siku ile."

"Na mimi nilikuwa wa kwanza."

"Wewe si ndiyo kawaida yako, mwanangu?"

Mama hakuwa na ubaya. Lakini Mfamasia alikwenda jikoni akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Wiki tatu kabla ya mashindano makubwa ya mwaka, Chiriku alimpitia dukani jioni. "Dada, twende ukanichagulie viatu. Mimi miguu yangu inajua ngazi tu. Hivi viraba vyangu vimeshachoka, kidole gumba kinachungulia kama kinataka kupiga kura."

Wakaenda. Duka lilikuwa la mama mmoja mnene aliyening'iniza miwani kifuani, na aliyewajua wateja wake kwa namba ya mguu kabla ya sura. Akatoa jozi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya tope, nene, ina meno chini kama mdomo wa mamba. Ya pili ilikuwa ya bluu, nyepesi kama karatasi, imeshonwa vizuri, na soli yake imelainika kama shavu la mtoto.

Chiriku akavaa vya tope, akatembea, akajitazama kwenye kioo. "Jamani! Nimekuwa mlinzi wa msitu." Akavaa vya bluu, akaruka ruka, akazunguka. "Lo! Hivi ni kama sijavaa kitu."

Mama mwenye duka akamkazia macho. "Kumbe ndiye wewe! Mpwa wangu ni mwanachama kule machimboni. Anasema mwaka huu kuna mwanamke mpya, kombe limeshapata mwenyewe." Kisha akamgeukia Mfamasia kwa upole. "Na wewe, mama, unacheza pia?"

Unacheza pia. Mfamasia alisikia masikio yakipata moto.

"Haya, Profesa," Chiriku akasema, ameshika kiatu kimoja kila mkono. "Wewe ndiye unayejua. Vipi?"

Jibu alikuwa nalo. Angeweza kulitoa akiwa usingizini. Alimtazama mdogo wake, ile shingo ndefu, yale meno yaliyojipanga bila kufundishwa, rangi nyeupe iliyokaukia kwenye nyusi, na mdomo wake ukasema, "Chukua vya bluu. Wewe unakimbia, hupandi mlima. Wepesi ndio kila kitu."

Mama mwenye duka akafungua mdomo, akaufunga. Chiriku akavikumbatia vile viatu. "Ndiyo maana nilikuja na mkubwa wangu!"

Ajabu ya Mungu, mwanzoni viatu vile vilileta neema. Kulikuwa na kiangazi, machimbo yamekauka, vumbi limelala juu ya jiwe kama unga. Chiriku alikimbia kama moshi. Jumamosi ya kwanza alipunguza nusu sekunde. Ya pili akawa sawasawa na dada yake, na watu wakasimama kumwangalia. Mfamasia akajiambia, unaona? Nilimshauri vizuri. Lakini shauri zuri halimfanyi mtu atazame mawingu kila asubuhi, na yeye alikuwa anayatazama. Alhamisi redio iliposema mvua inakuja mwisho wa juma, alisikia furaha ikipanda kifuani, akashtuka, akatazama nyuma kama kwamba kuna mtu amemwona.

Ijumaa alasiri simu ililia dukani. Foleni ilikuwa ya watu watano, na yeye alikuwa anahesabu vidonge vya mzee mmoja mwenye kikohozi.

"Dada," Chiriku akasema, sauti yake ikitoka juu ya ngazi mahali fulani. "Huku wingu limekuwa jeusi. Kesho ikinyesha, vile viatu vitashika? Maana nimevigusa chini, naona ni laini. Au nikavibadilishe? Duka bado liko wazi."

Ndipo hapo. Yale ya dukani mtu angeweza kuyaita kuteleza kwa ulimi. Hili lilikuwa swali lililonyooka, na muda wa kulijibu ulikuwepo, na duka lilikuwa wazi.

"Vitashika, mdogo wangu," akasema. "Usiwe na wasiwasi."

"Basi nimetulia. Ulale vizuri, mpinzani wangu!"

Akakata simu. Akatazama vidonge mezani, hakujua amefika thelathini au arobaini. Akavikusanya, akaanza upya. Mzee mwenye kikohozi akamngoja kwa subira.

Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika saa mbili asubuhi. Machimbo yalikuwa yamegeuka. Udongo wa juu ulishuka ukatandaza utando mwembamba mwekundu juu ya mawe, na kila aliyeshuka garini alishika mlango kwanza. Washindani wazoefu walikuwa na buti za meno. Mfamasia naye alivaa vyake vya zamani, vilivyoijua miguu yake kama mto unavyokijua kichwa.

Kituo cha kwanza kilikuwa cha kusimama. Chiriku akaongoza. Cha pili kilikuwa kwenye changarawe, na changarawe haina utelezi mwingi. Akaongoza tena, kwa sekunde moja nzima. Watu wakaanza kunong'ona. Kocha alikuwa ameshavua kofia.

Kituo cha tatu kilikuwa cha mteremko. Unaanzia juu, unapiga viwili, unateremka jiwe hadi kwenye pipa, unapiga vitatu. Aliyetangulia kupiga alikuwa Chiriku, na Mfamasia alifuata nyuma yake. Chiriku alisimama akakwangua tope chini ya kiatu kwa kijiti. Tope lilikuwa limeganda bapa, kama siagi kwenye mkate. Akageuka akamtabasamia dada yake, akainua bega moja: tutafanyaje?

Mfamasia akapiga hatua mbele. Mpaka leo anaapa kwamba alipiga hatua. "Mdogo wangu, teremka pole..."

"Mshindani yuko tayari?" mwamuzi akaita. Kengele ya saa ikalia, na neno la Mfamasia likafunikwa na mlio wa risasi ya kwanza.

Vibao viwili vikaanguka, pa, pa. Chiriku akateremka. Hatua ya kwanza ilishika. Ya pili, mguu ulikwenda mbele peke yake na mwili ukabaki nyuma. Alianguka ubavu juu ya jiwe, na waliokuwepo wanasema walisikia kitu kikikatika kama kijiti kikavu. Lakini mkono wake wa kulia ulibaki juu, bastola imeelekea kwenye tuta, kidole nje ya kifyatulio, kama alivyofundishwa.

"Simama! Simama!" Mwamuzi alikuwa ameshamfikia. Akaichukua bastola, akaitoa risasi, ndipo akampigia magoti. Kifundo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda pasipopinda.

Mfamasia alifika mbio. Viatu vyake havikuteleza hata mara moja.

"Sikuiachia, dada," Chiriku alisema, midomo imekuwa ya kijivu. "Uliona? Sikuiachia."

"Niliona."

Wakamfunga ubao na bendeji. Mmoja wa wanachama akaleta gari karibu. Mfamasia akataka kupanda, lakini Chiriku akamsukuma kwa mkono mzima. "Wewe nenda ukapige. Usitie aibu, kombe libaki kwetu. Piga, halafu uje."

Angeweza kukataa. Alirudi juu ya mteremko, akasimama, na alipiga kituo kile na vilivyofuata kama hajawahi kupiga kitu maishani mwake. Hakuna kibao kilichobaki. Wakampa kombe na makofi, na makofi yale aliyasikia kama yanapigwa chumba cha jirani. Akalitupa kombe kwenye kiti cha nyuma cha gari, akaendesha hadi hospitali na tope lake.

Chiriku alikuwa kwenye benchi la ukumbini, mkono umetiwa plasta mpya iliyokuwa bado na unyevu. Wiki sita, walimwambia. Fundi rangi, wiki sita bila ngazi.

"Umeshinda?" akauliza.

"Nimeshinda." Mfamasia akakaa. Alikuwa amejipangia maneno njiani, mengine mazuri mazuri, lakini yote yalikimbia. "Nilijua," akasema. "Kuhusu viatu. Nilijua vitateleza. Nilijua dukani, na jana uliponiuliza nilijua."

Chiriku aligeuka polepole.

"Yule mama wa duka alinishika pembeni wakati unatafuta pochi," akasema. "Akaniambia, binti, hivi ni vya barabara ya lami, chukua vile vibaya. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, asante mama, lakini dada yangu hawezi kukosea." "Kwa nini?"

"Wivu."

"Wivu wa nini? Una duka. Una nyumba. Mama anakaa kwako!"

"Anakaa kwangu anakuulizia wewe."

Chiriku akatazama plasta yake. "Nenda nyumbani," akasema. "Mimi nitaletwa. Nenda, dada, kabla sijasema kitu ambacho sitaweza kukirudisha."

Jumatatu yake Mfamasia alimfuata Kocha na kombe kwenye mfuko wa plastiki, akamweleza yote. Kocha alisikiliza mpaka mwisho, akausukuma mfuko kurudi kwake. "Ulipiga mwenyewe, halali yako. Hayo mengine kanuni za klabu hazina kifungu chake. Usiniletee mimi nikubebee."

Kwa hiyo akayabeba. Mama hakuambiwa kitu na yeyote. Chiriku alisema aliteleza tu, basi. Na kule kutosemwa kulimchoma Mfamasia kuliko kama angetangazwa sokoni.

Chiriku alikuwa ameacha kazi katikati: korido ndefu ya shule, nusu ni ya kijani na nusu plasta tupu, na shule ilikuwa inafunguliwa mwezi ule. Siku ya nane Mfamasia alifunga duka saa kumi jioni, akaenda hukohuko. Alimkuta mdogo wake amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono umefungwa shingoni, akiutazama ukuta kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Nipe brashi," akasema.

"Hujui kupaka."

"Utaniambia."

Chiriku akaonyesha ngazi kwa kidevu. "Anzia juu. Brashi usiichovye mpaka shingoni, si mandazi hayo."

Siku ya kwanza hawakuzungumza ila la kazi. Juu zaidi. Umeacha doa. Usirudie hapo, pameanza kukauka. Mfamasia aliogopa urefu. Mkono mmoja haukuiachia ngazi, na rangi ikamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya nne alipanda na viatu vyake vya shabaha, meno yakanasa kwenye kipago cha ngazi, akabaki amening'inia kwa mkono mmoja, amekumbatia ukuta mbichi. Aliposhuka, shavu lake na matiti yake vilikuwa vya kijani.

Akasikia mlio nyuma yake. Akadhani Chiriku analia. Kumbe ameinama juu ya ndoo, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka, mkono mzima unaushikilia ule mbovu usiume.

"Ngazi hupandwa peku, Profesa," alisema alipopata pumzi. "Hilo hukulisoma?"

"Hakuna aliyenifundisha."

"Ungeuliza. Mimi ningekwambia kweli."

Kicheko kikaishia hapo. Mfamasia akavua viatu, akapanda tena. Korido ilimalizika siku mbili kabla ya wanafunzi kurudi, na mtu akiiangalia kwa makini upande wa kushoto ataona mahali rangi ilipopakwa na mtu aliyekuwa anatetemeka.

Plasta ilitoka. Miezi ikapita. Chiriku alirudi klabuni bila kumwambia mtu, na viatu vipya alivyokwenda kununua peke yake, jioni, na soksi nene mfukoni. Vilikuwa vibaya kuliko vile vya kwanza, vina mdomo mpana kama bata. Mfamasia alivitazama, akaona kila kitu kiko sawa, akanyamaza, kwa sababu hakuulizwa.

Mashindano yaliyofuata yalipigwa siku ya manyunyu. Vituo vyote vitano walifuatana kama uzi na sindano, na mwamuzi aliposoma majina, la Chiriku lilitangulia kwa sehemu nne za kumi za sekunde. Kocha alivua kofia. Watu wakamzunguka yule bingwa mpya, wakamnyanyua, naye akawa anaongea na kumi kwa pamoja.

Mfamasia alisimama kando ya tuta akiwa na bastola tupu mkobani. Wivu ulikuja. Alidhani umekufa, lakini uliingia kwa mlango uleule, ukakaa kwenye kiti kilekile, kama mpangaji ambaye hajawahi kuhama. Akautambua. Akauacha ukae, akaenda akapenya katikati ya watu mpaka akamfikia mdogo wake.

"Hongera," akasema, na akamshika mkono wa kushoto, taratibu, pale palipovunjika. "Nakuonea wivu mpaka tumbo linauma."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Chiriku hakucheka. Alimtazama machoni kitambo, kama fundi anayepima ukuta kabla ya kuegemeza ngazi.

"Najua, dada," akasema. "Afadhali umesema. Haya, nishikie huu mfuko, mikono yangu imejaa."

Mfamasia akaupokea mfuko. Ulikuwa mzito. Akautia begani, wakashuka pamoja kuelekea magarini, Chiriku anaongea, yeye anasikiliza.